Nembo ya Gurudumu

Jirani anayepakana ukuta na chumba cha fundi cherehani anashikilia kwamba wazee wale wawili walipigana. Anadai alisikia kiti kikianguka, akachungulia, akamwona mmoja ameshika wembe. Ni kweli kiti kilianguka, na wembe ulikuwapo. Ila hakuna aliyeinua mkono. Kilichofanya kazi siku ile ni ulimi.

Wazee hao walikuwa wanajeshi wastaafu, marafiki wa chanda na pete. Mmoja aliitwa Chui kwa sababu ya nembo ya kikosi chake cha mapigano, chui mwenye meno wazi, aliyoivaa begani hata akienda kununua chumvi. Mwenzake aliitwa Dereva. Nembo yake ilikuwa gurudumu la manjano, la kikosi cha usafirishaji, naye aliipiga brashi taratibu kama mtu anayemwosha mtoto uso.

Gwaride la wastaafu lilipokaribia, Chui alipeleka koti lake kwa binti wa Dereva, fundi cherehani, maana nembo ilikuwa imebanduka pembe. Akiingia, alijikwaa kizingitini, akaangusha kiti, kidole gumba cha mguu kikachubuka.

"Pole, baba mkubwa," binti alisema.

"Kidole hiki kimekanyaga vita, mwanangu. Kizingiti ni nini?"

Wateja wakacheka. Kicheko kile kikamvimbisha kichwa. Akamgeukia rafiki yake, aliyekuwa ameketi karibu na pasi, koti mwilini.

"Shona yangu kwanza, binti. Ya baba yako haina haraka. Sisi tulikwenda kupigana, wao walikwenda kubeba viazi. Na gurudumu nalo ni nembo? Hilo si tangazo la gereji?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Dereva naye alitabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni.

"Ni kweli, tulibeba viazi," alisema polepole. "Siku moja nilibeba kiazi kimoja kinavuja damu, risasi zinatoboa bodi la lori. Njia nzima kiliniita kaka, kikiniomba nisikiache."

Chui aliinama, akautazama mguu wake wenye kovu kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Binti, nipe wembe," Dereva alisema.

Dereva alivua koti, akakata uzi mmoja baada ya mwingine bila kurarua kitambaa. Akaiweka nembo juu ya cherehani, mbele ya Chui, akatoka. Begani pa koti palibaki mduara wa rangi mbichi, ambao jua halijawahi kuuona.

Kwenye gwaride Dereva hakwenda. Chui alikwenda, akatembea kando ya nafasi tupu, na chui wake begani hakumpa raha yoyote.

Kidole kilipopona, alirudi na nembo ya gurudumu mfukoni, pamoja na sindano na uzi wa manjano. Binti akamwonyesha kwa kichwa mlango wa chumba cha baba yake. Alisimama pale akijaribu kutunga uzi. Macho yakakataa.

"Kaka," aliita, "nifungulie. Niishone mwenyewe, kwa mkono wangu."

Ndani, redio ilipunguzwa sauti. Binti akaondoa mguu kwenye cherehani ili naye asikie jibu. Wakangoja wote wawili.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.