Fundo Legevu la Mwanakheri

Paukwa!

Pakawa!

Mnajibu kama mliofunga siku tatu. Haya, sogeeni. Na wewe hapo acha kuchokoa moto, cheche zitakutoboa nguo, halafu mama yako aje kugomba na mimi. Tena cheche ndizo hasa nitakazowasimulia leo.

Hapo zamani za kale palikuwa na mji mdogo, mdogo hata jicho halikuuona. Ulikuwa ndani ya mwili wa mtu, umezungukwa na miji kama huo, maelfu kwa maelfu. Nje ya mji maji ya chumvi, ndani ya mji maji ya uhai, na kati ya maji na maji pana ukuta. Ukuta huo si wa mawe, si wa udongo, si wa makuti. Ulikuwa ni wanawake.

Wanawake wenyewe wa ukoo wa Mafuta. Walijipanga safu mbili, nyayo kwa nyayo, maana vichwa vyao vilipenda maji na miguu yao iliyachukia. Safu moja imeelekeza vichwa nje, safu ya pili imeelekeza vichwa ndani, na katikati miguu mikavu, imebanana, tone halipiti. Nani kati yenu anaweza kubanana na wifi yake kutwa moja bila kununa? Wenzenu walibanana maisha yao yote. Mimi wale wanawake nawavulia kofia.

Kila mmoja alivaa doti ya kanga, vipande viwili visivyotengana. Na mila yao ilisema hivi: mwanamke hasimami ukutani na kipande kimoja. Akinyang'anywa, naye anyang'anye, kuliko kuaibika. Mila mbaya, lakini ndiyo waliyoikuta.

Basi katika safu ya nje alikuwamo Mwanakheri, na huyu fundo lake lilikuwa legevu. Mafundo ya wenzake yalikazwa yakawa magumu kama kokwa. La kwake ukiligusa tu, linafunguka.

"Mwenzangu, fundo gani hilo?" jirani yake Chausiku alikuwa akimwambia. "Hata upepo utakuvua."

"Ndivyo alivyonifunga Bi Kiini."

"Basi siku hiyo alikuwa anasinzia."

Mwanakheri alicheka naye, lakini moyoni lilimchoma. Bi Kiini ndiye kikongwe aliyekaa katikati ya mji, na ndiye aliyemfunga kila mwanamke wa ukuta doti yake, kwa mikono yake mwenyewe. Yeye peke yake ndiye aliyekumbuka kila kitu cha mji kinatengenezwaje. Maji ya chumvi yakimfunika kichwa, mji umekwisha.

Siku moja Mwanakheri akamwuliza, "Bibi, mbona mimi ulinifunga ovyo?"

"Sikukufunga ovyo, mjukuu wangu. Mji wenye jiko haukosi mtu wa fundo hilo."

Mwanakheri hakuelewa.

Sasa jiko. Mji ule ulikuwa na jiko lililochoma chakula kwa hewa, na bila jiko hilo wasingeishi hata kutwa. Lakini jiko lisilotoa cheche mmeliona wapi? Basi siku nyingine akaruka msichana kutoka jikoni, jina lake Cheche, amezaliwa na kipande kimoja tu cha kanga. Mbio mpaka ukutani. Akamdaka Mwanashehe, akampokonya kipande, akajifunga, akaenda zake ametulia kama si yeye.

Mwanashehe akajitazama. "Nimenyang'anywa, nami nanyang'anya." Akampokonya Bimkubwa. Lakini kanga ya kupokonya haikai mwilini mwa mwanamke wa ukuta. Mwanashehe akajikunja, ufa ukafunguka, maji ya chumvi yakamfika Bi Kiini kwenye vifundo vya miguu.

Bimkubwa naye, "Nimenyang'anywa, nami nanyang'anya." Akampokonya Salme, akajikunja, maji yakamfika Bi Kiini magotini.

Salme naye, "Nimenyang'anywa, nami nanyang'anya." Mkono wake ukagusa lile fundo legevu, likafunguka lenyewe. Salme akajifunga, akajikunja, na maji yakamfika Bi Kiini kiunoni.

Mwanakheri akabaki na kipande kimoja mbele za watu. Aibu aliyoisikia msiniulize. Kando yake yuko Chausiku na doti yake nzima, na mkono ukamwasha kweli kweli.

"Mwanakheri, nakuomba," Chausiku akasema. "Ukinivua mimi nitamvua wa pembeni yangu. Najijua."

Nyuma yao Bi Kiini alikuwa anakohoa majini.

"Nimenyang'anywa," Mwanakheri akasema. Ukuta mzima ukayangoja maneno yaliyobaki. "Nimenyang'anywa, na imeishia kwangu."

Akafumbata mikono yake miwili, akasimama na kipande chake kimoja. Hakumgusa mtu. Maji yakakoma kiunoni mwa Bi Kiini, yasipande tena. Mafundi wa mji wakaja wakawatoa wale watatu waliojikunja, wakaweka wengine, ufa ukazibwa.

Alibaki Mwanakheri. Naye hakuweza kukaa tena, nguvu zilikuwa zimemwishia. Bi Kiini akaja mwenyewe, kanga zake zingali zinachuruzika maji.

"Bibi, sasa nimejua kwa nini ulinifunga vile," Mwanakheri akamwambia. "Ulitaka mnyang'anyi akifika, aishie kwangu."

Bi Kiini akamkumbatia. Alilia tu, na mimi simlaumu. Mwanakheri akaachia nafasi yake, maji yakamchukua.

Akaletwa msichana mgeni kujaza pengo. Chausiku akamtazama kiunoni, akaona fundo legevu. Hakucheka. Akajisogeza, akampa nafasi nzuri ubavuni mwake, kisha akamgeukia Bi Kiini.

"Bibi," akasema, "na mimi nilegezee."

Hadithi yangu imesimama hapo, haina mguu wa kwenda mbele. Haya, fukieni hizo cheche kwa jivu, mkalale.