Weilun na Jicho Jeusi la Uani

Paukwa!
Pakawa!
Nifungue kinywa?
Fungua, masikio tumekwisha kuyafungua!

Hapo kale, huko Uchina, kwenye mlima usiokauka ukungu, paliishi bingwa wa kupigana mikono mitupu, jina lake Weilun. Alifundishwa na Bibi Qiuyue, ajuza aliyefanya mazoezi kila asubuhi kama mwanafunzi mgeni, hata meno yalipomwisha.

Uani kwa Bibi palikuwa na duara la mawe, upande mmoja mweupe pe, upande wa pili mweusi tii. Katikati ya weupe palikuwa na jicho jeusi. Katikati ya weusi, jicho jeupe.

"Bibi, jicho jeusi la nini?" Weilun aliuliza.

"Weupe ni unayoyajua, mwanangu. Jicho ni usiyoyajua. Usilizibe, hata ukizeeka."

Bibi akafa. Weilun akarithi uani, akarithi wanafunzi. Siku moja akawaambia, "Mimi nimemaliza. Hakuna nisilolijua." Akachukua chokaa, akalipaka jicho jeusi. Likapotea.

Asubuhi yake akatoka juani. Hana kivuli.

Akapiga ukelele bondeni. Mlima haukumwitikia.

Akakimbilia kwa mkewe, Shufen. "Mke wangu, mimi hapa!" Shufen akakodolea macho mlango mtupu. "Nani anaongea?"

Weilun akarudi uani mbio. Pale juu ya duara alisimama mtu mweupe kama chokaa. Hana uso. Na kivuli chake kilikuwa cha Weilun.

"Umebakiwa na uso tu," likasema lile jitu. "Nipe."

"Nirudishie changu!"

"Njoo ukichukue."

Weilun akarusha ngumi, jitu likarusha ile ile. Akaanguka, nyusi zikafutika.

Akarusha teke, jitu likarusha lile lile. Akaanguka, pua ikafutika.

Akatoa pigo la siri alilopewa na Bibi. Lile lile! Akaanguka, na mdomo ukaanza kuziba, taratibu, kutoka pembeni.

Weilun akalia. Kwa kipande cha mdomo kilichobaki akasema, "Sijui. Sijui kukushinda. Nifundishe."

 Jitu likainama, likamshika kifundo cha mguu kwa mkono baridi, likausogeza mguu wake upana wa kidole. Hatua hiyo Weilun hakuwahi kuiona. Kisha chokaa ikapasuka chini, ta! Jitu likazama ndani ya jicho jeusi kama maji.

Kivuli kikarudi. Pua ikarudi, mdomo ukafunguka. Nyusi hazikurudi kamwe.

"Ulikuwa wapi?" Shufen alifoka mlangoni. "Wali umepoa!"

Tangu siku hiyo Weilun alisimama mwisho wa mstari, nyuma ya wanafunzi wake, akijifunza nao. Akazeeka hivyo. Siku aliyokufa, waliomwosha walikuta magoti yake yana michubuko mibichi, ya mtu aliyeanguka jana akijaribu jambo jipya.

Basi wenzangu, anayejiona amemaliza kujifunza hufutika angali hai. Ngano nimeitua hapo. Anayejua kuisimulia vizuri kunishinda, asogee anifundishe.