Kibuyu cha Juu ya Meko

"Mbegu haina mtani." Mmeisikia leo, wajukuu, nanyi mmeuliza ilikotoka. Ilitoka matangani, katika mwaka wa pili wa ukame.

Mtani wa ukoo alikuwa na ruhusa yake msibani. Aliweza kumkejeli marehemu, kulala kaburini asitoke mpaka apewe kuku, au kunyakua chombo cha wafiwa mpaka kikombolewe. Mfiwa hakuruhusiwa kukasirika. Hata akiomba kwa machozi, machozi hayo yalihesabiwa kuwa sehemu ya mchezo.

Semeni alikuwa mtani hodari kuliko wote. Mzee Mkude alipofariki, watu walikuwa wamekwisha kuchoka kuzika, naye Semeni alijua kwamba ni yeye tu awezaye kuwachekesha. Alivaa kanzu ya marehemu kinyumenyume, akakohoa kama yeye, wakacheka hadi mbavu zikawauma. Kisha akaingia jikoni, akatungua kibuyu kilichoning'inia juu ya meko.

"Haya, mchoyo ameondoka! Nani anakikomboa?"

Mjane, Mlekwa, hakuwa na kuku hata mmoja. Alipiga magoti.

"Semeni, mtani wangu, kirudishe. Ni mbegu ya mtama. Sina nyingine."

"Msikieni! Mume alikuwa bahili, mke ni bahili na nusu!"

"Wanangu watapanda nini?"

"Wapande kikohozi cha baba yao!"

Kadiri Mlekwa alivyolia, ndivyo walivyozidi kucheka. Semeni akaimimina mbegu kikaangoni. Harufu ilipoenea, hata waliokuwa wakisita walinyoosha mikono, kwa kuwa wote walikuwa na njaa.

Siku ya nne mvua ikanyesha.

Semeni alipopita kando ya shamba la Mkude, aliona mashimo yamechimbwa, safu baada ya safu, na Mlekwa ameketi katikati yake, mikono mitupu. Alizunguka vijiji vitatu akitafuta mbegu. Kila mtu alikuwa amekwisha kuila yake. Akabadilisha kanga zake zote kwa kuku mmoja, akampeleka kwa Mlekwa.

"Nimekuletea kuku, mtani wangu."

"Kuku ni fidia ya utani," alisema Mlekwa. "Mkude alikufa kwa njaa, kibuyu kile kikimtazama. Mara moja tu aliuinua mkono, akaurudisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilipiga magoti."

Mashimo yalijaa maji, kisha yakajaa magugu. Mtoto mdogo wa Mlekwa hakuuona mwaka uliofuata, na siku ya kumzika, watu walimgeukia Semeni kama walivyozoea, wakimngojea awaondolee huzuni.

Alifumbua kinywa. Kicheko hakikutoka.

"Mbegu," alisema, "haina mtani."