Ndege wa Miguu Kumi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mapishi yao na ugomvi wa majirani kama sisi, palikuwa na bwawa lililojaa mayungiyungi. Sogeeni huku, msisukumane. Atakayesukuma mwenzake atasikilizia nje.

Juu ya majani ya yale mayungiyungi aliishi Sile, ndege mdogo mwenye vidole virefu ajabu, hata akitembea juu ya jani halizami. Na kwa akina Sile, mama akishataga huenda zake. Baba ndiye anayeatamia, baba ndiye anayelea. Ndiyo, baba! Mnacheka nini? Ndivyo walivyo mpaka leo.

Kiboko naye alicheka. "Jirani, mkeo yuko wapi?"

"Kasafiri. Mimi nalea."

"Hoo! Hoo! Hoo! Dume zima limekalia mayai!"

Mamba hakucheka. Yeye alilala chini ya majani akitazama juu mchana kutwa, na kutoka huko aliona miguu tu. Basi ndege wote aliwajua kwa miguu, na alijisifu kwelikweli.

"Mirefu myekundu, huyo korongo. Vidole vya manjano, huyo yangeyange. Miwili yenye vidole kama fito, huyo Sile. Hakuna ndege nisiyemjua mimi!"

Siku moja mayai yakaanguliwa. Wakatoka vifaranga wanne, wadogo, wanatetemeka.

"Hongera, Bwana Sile," ikasema sauti chini ya jani. "Jua likifika utosini nitakuja kuwachukua. Mchana huu nataka kitu laini."

Sile moyo ukampasuka, pa! Watoto hawajui kuruka. Pa kuwaficha ni kwenye matete, na matete yako ng'ambo, lazima upite juu ya kichwa cha Mamba. Alilia, siwafichi. Kisha akafuta machozi akajiambia: "Huyu ananijua kwa miguu tu."

"Wanangu, njooni kwapani kwa baba."

Wawili akawabana kulia, wawili kushoto, akafunga mabawa. Miili yao yote ikafichika, ila miguu ikabaki inaning'inia. Hesabuni wenyewe: ya baba miwili, ya watoto minane.

"Asijitikise mtu. Na midomo, fumba!"

Tapu, tapu, tapu, akashika njia.

Mamba kule chini akaangalia. "Korongo? Siye. Yangeyange? Siye. Moja, mbili, tatu... Toba! Kumi! Ewe, nani wewe?"

Sile akakaza sauti mpaka koo likamwuma. "Mimi ni Miguu-Kumi! Hebu niambie, mamba mmoja ana miguu mingapi?"

"Mi... minne."

"Vizuri. Miwili hii ni yangu. Hiyo minane ni ya mamba wawili niliowala asubuhi. Sijashiba bado."

"Mbona myembamba hivyo?"

"Nimeifyonza nyama ikaisha!"

Mara Kiboko akasikia kelele, akaibuka, buuu! Maji yakaruka, yakamjaa yeye mwenyewe machoni. Jani likainama, na yule kifaranga wa mwisho, Kitinda, akapiga ukelele kwapani: "Wiii! Baba!"

Sile akaona giza.

"Nani huyo analia?" akauliza Mamba.

"Mmoja wa wale mamba wawili," akajibu Sile. "Wakifika tumboni humu wote humwita baba yao. Wewe utamwita nani?"

Kiboko, macho bado yamejaa maji, akaruka. "Jamani, hata mimi nina miguu minne!"

"Kwani nimekwambia nachagua?"

Chubwi! Kiboko huyo. Chubwi! Mamba huyo. Walikimbilia mwisho wa bwawa na hakuna aliyegeuka nyuma.

Sile akafika kwenye matete, akafungua mabawa. Pu, pu, pu, pu, wakadondoka wote wanne, wazima. Akacheka na kulia kwa pamoja.

"Nani alisema wiii?"

Watatu wakamwelekezea mdomo Kitinda. Baba akamkumbatia yeye kwanza.

Kesho yake Mamba akaja polepole, akasimama mbali. "Hodi, Bwana Sile. Shikamoo."

Mamba huyo, anamwamkia Sile!

"Marahaba. Karibu."

"Hapa hapa panatosha. Ati, yule Miguu-Kumi hupita huku?"

"Kila siku. Ameniambia ataacha kuja wanangu wakijua kuruka."

"Ala! Basi wafundishe upesi, ndugu yangu, nakuomba! Wanakula nini hao? Wanalala vizuri?"

Tangu siku hiyo, kenge akiwasogelea vifaranga wa Sile, Mamba ndiye aliyemfukuza, tena kwa hasira: "Waache watoto wakue!" Nao wakakua. Asubuhi moja wakaruka wote wanne juu ya bwawa, Kitinda akiwa mbele, na Mamba akashangilia kuliko baba yao.

Basi wanangu, anayemdharau mdogo hamtazami vizuri, na asiyetazama vizuri ndiye anayedanganywa.