Tonge la Heshima la Bi Pimbi

Wajukuu, hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni, iingie!
Imekuja na njaa!
— Ikae, ile!

Hapo kale, kwenye milima ya Uhabeshi, palikuwa na Bi Pimbi, kamnyama kadogo ka mapangoni, mjane mwenye watoto. Kila akitandaza injera kwenye sinia, ule mkate mchachu wenye vitundu, akaumwagia mchuzi wa kuku, Fisi huyo!

"Hodi, shemeji!"

Ushemeji wa wapi! Hanawi, haulizi watoto wamekula nini. Anafagia mchuzi, hapu! Anafagia nyama, hapu! Watoto wanabaki kulamba vidole vikavu. Bi Pimbi hasira anazo, lakini atafanya nini na meno yale yavunjayo mifupa?

Siku moja kitinda mimba wake alilia njaa hata sauti ikamkauka. Hasira zikampanda Bi Pimbi mpaka masikioni. Akapika injera rundo zima, na mchuzi wa kuku sinia tele.

"Hodi, shemeji!"

"Karibu, baba. Leo usijisumbue. Huku kwetu mgeni wa heshima hajilishi, hulishwa na mwenyeji kwa mkono wake. Tonge dogo ni la watu wadogo."

"Mimi mkubwa!"

"Na mgeni akilikataa tonge, amemtukana mwenyeji."

"Nikatae mimi? Lete!"

Bi Pimbi akachukua injera nzima, akapachika pilipili katikati, akaikunja, akamsukumia kinywani, chwaap! Ikanata kwenye kaakaa.

"Mmm! Mmm!"

"Tamu, eh? Ongeza!" Chwaap!

Watoto wakachovya mchuzi, tobwe! Wakameza, kum!

"Mmm! Mmm!"

"Bado? Ongeza, mlafi we... samahani, mheshimiwa!" Chwaap!

Watoto tobwe, kum! Fisi machozi yanamtoka, kamasi zinamtoka. Akinyoosha mkono kwenye sinia, Bi Pimbi anaupiga, pa! "Unanidharau nyumbani kwangu?"

Fisi alipomeza, tumbo lilikuwa limejaa mkate mtupu, na sinia linang'aa.

"Kuku yuko wapi?"

"Kaliwa na wenyewe. Njoo, bado tonge la kuagana!"

Fisi mbio, tumbo likiburuta! Tangu hapo, akiona mkono umenyooshwa, hurudi nyuma kichwa chini.

Hadithi yangu imekwisha, ikikuchoma, ipulize.

Na funzo lake, wajukuu: mpendeni mgeni. Mlisheni kwa mkono wenu wenyewe, wala msimpe hata nafasi ya kusema ahsante.