Ndugu Mlinzi na Sheria ya Madoa

Niwape nisiwape?
Tupe.
Ikiwachoma?
Tutapuliza.
Ikiwachekesha?
Tutacheka kwa adabu.

Haya, kaeni vizuri.

Hapo kale, katika bonde la Mto Kiwe, alitawala Chui. Chui alikuwa na nguvu, na njaa yake haikuwa na mwisho. Akitaka mtoto wa swala, aliletewa mtoto wa swala. Akitaka mtoto wa nyani, aliletewa mtoto wa nyani. Wanyama walivumilia, wakavumilia, hata wakachoka. Asubuhi moja Kanga alipanda juu ya kichuguu akalia, kekekee, kekekee, na hiyo ndiyo ishara waliyokubaliana. Nyati wakaja na pembe. Nyani wakaja na mawe. Fisi akaja na maneno. Jua halijapanda vizuri, Chui alikuwa amekwisha kufa.

Fisi akapanda juu ya jiwe la Chui. Akasema tangu leo hakuna mkubwa wala mdogo, wote ni ndugu, na yeye ataitwa Ndugu Mlinzi kwa sababu lazima awepo wa kulinda. Wanyama wakasema, sawa. Akasema mlinzi hawezi kulinda na huku anahangaika na chakula, basi chakula kiletwe pale jiweni. Wanyama wakasema, sawa.

Baada ya miezi miwili akawaita tena.

"Chui amekufa," akasema, "lakini uchui haujafa. Chui ana jamaa zake, na jamaa zake wana madoa. Kuanzia leo, anayeonekana na madoa apigwe kwanza, maswali baadaye."

Wanyama wakasema, sawa.

Najua mnataka kuniuliza. Fisi mwenyewe je, si ana madoa? Anayo, tena tele. Lakini kila alfajiri alikwenda kujigaragaza kwenye vumbi jekundu nyuma ya jiwe, garagara, garagara, mpaka akawa mwekundu mtupu kama chungu kipya. Wanyama walidhani ni pambo la cheo.

Sasa, chini ya mzizi wa mkwaju aliishi Kalunguyeye, mdogo kama ngumi, mwenye miiba mgongoni na mwendo wa nyatu, nyatu, nyatu. Jirani yake alikuwa Kanga. Mwaka ule moto ulipoliunguza bonde, Kalunguyeye alikuwa amelala fofofo shimoni, na Kanga ndiye aliyerudi akamdonoa hadi akatoka. Tangu hapo walikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Kalunguyeye alipenda mayai kuliko kitu chochote duniani, na Kanga alikuwa na mayai tisa kwenye majani, hatua tatu kutoka mlangoni kwake. Hakuyagusa hata siku moja.

Siku ya tatu baada ya ile sheria walikuja Nyati wawili, kaka na mdogo wake. Walikuwa askari wa Ndugu Mlinzi. Wakasimama mbele ya Kanga, wakamtazama madoa yake.

"Mimi ni Kanga," akasema. "Ndimi niliyelia juu ya kichuguu."

Nyati mkubwa akajibu kwamba wao hawakutumwa kuuliza. Wakampiga mateke, pu, pu, wakamburuta mpaka kwenye shimo lililo kando ya jiwe, wakamtumbukiza na kufunika juu kwa miiba. Mayai tisa yakachukuliwa yakapelekwa kwa Fisi, ati yachunguzwe. Ikatangazwa kwamba siku ya tano tangu hapo kutakuwa na sherehe ya ushindi, na msaliti ataliwa mbele ya wote.

Kalunguyeye akaenda jiweni, nyatu, nyatu. Akamkuta Fisi anamalizia kujipaka. Akamweleza kwa upole kwamba Kanga ni mwenzao, kwamba bila Kanga pasingekuwa na ishara, na bila ishara pasingekuwa na jiwe la kukalia. Fisi akamsikiliza huku anajilamba ute wa yai mdomoni. Akamjibu kwamba haki haijui ujirani. Alipoinua mguu kujikuna, vumbi likapukutika ubavuni, na Kalunguyeye akaona doa moja jeusi, kubwa kama jani la mbono.

"Umeona nini?" Fisi akauliza.

"Nimeona vumbi, Ndugu Mlinzi."

Akarudi kwake. Hakula siku ile. Alijua kwamba akisema alichokiona, Fisi atakana, na wanyama watasema sawa. Akajikunja, akafikiri.

Kila siku alikwenda mtoni kutazama maji, kwa sababu hakujua pengine pa kutazama. Siku ya nne, yaani kesho yake ndiyo sherehe, akaona tai wanazunguka ng'ambo. Kiboko mzima alikuwa amefia kwenye mchanga mweupe, tumbo juu. Kalunguyeye akarudi mbio, kama mbio za kalunguyeye zilivyo, akafika jiweni anahema.

"Ndugu Mlinzi, ng'ambo kuna kiboko amekufa."

Fisi akasimama. Akauliza ni mnono au ni mzee. Akaambiwa ni mnono. Akauliza nani mwingine anajua.

"Tai wanajua. Mbweha nao nimewaona wakikimbilia huko. Gogo la kuvukia liko mbali, juu kule kwenye maporomoko. Ukipita gogoni utafika jua limezama, utakuta mifupa."

"Na nikipita majini?"

"Ukipita majini, utafika sasa hivi."

Fisi akatazama vumbi lake, akatazama tai. Mate yakamdondoka, to, to, to. Akateremka mtoni akajitosa, chubwi, na maji ya Kiwe yakawa mekundu nyuma yake.

Kalunguyeye akaenda kwa wale Nyati wawili. Akawaambia kwamba kuna mwenye madoa amevuka mto, na atarudi kwa njia ileile. Akawakumbusha sheria. Halafu akakaa chini ya jani, akasubiri.

Fisi alikula maini, akala mapaja, akala mpaka tumbo likaburura mchanga. Jua lilipoanza kuinama akakumbuka jiwe lake, akaingia majini, chubwi, akaogelea polepole kwa uzito. Akatokea ukingoni amelowa, safi, madoa yanameremeta toka shingoni hadi mkiani.

Nyati mdogo akampiga wa kwanza, pu. Nyati mkubwa akampiga wa pili, pu.

"Acheni," Fisi akasema. "Mimi ni Ndugu Mlinzi."

"Na Kanga alisema yeye ni Kanga," Nyati mkubwa akajibu, akampiga tena.

Akawaambia sheria ni yake, yeye ndiye aliyeitunga. Wakamwambia maswali baadaye. Pu kulia, pu kushoto, mpaka Fisi akajivuta ndani ya matete huku mguu wa nyuma haukanyagi, akapotea na mto. Jiweni hakurudi tena.

Nyati walipopumua, mdogo akamuuliza Kalunguyeye yule alikuwa nani hasa.

"Nendeni jiweni," akasema. "Mkiona hayupo aliyekuwepo, mtajua."

Wakaenda. Jiwe lilikuwa tupu. Nyuma yake waliona dimbwi la vumbi jekundu lenye alama za mgongo, na maganda ya mayai saba, na mayai mawili mazima. Nyati mkubwa akaondoa miiba shimoni kwa pembe zake mwenyewe.

Kanga akatoka. Hakumtukana mtu. Aliyasogeza yale mayai mawili kwa mdomo, akayalalia palepale, akafumba macho. Wanyama wakakusanyika, wakaanza kujadiliana kwa kelele nani alikalie jiwe sasa, na Nyati mdogo akasema yeye hachoki kukaa. Kanga akafumbua jicho moja. Akamwomba Kalunguyeye awaambie wapunguze sauti, kuna mtoto anagonga ganda.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyelala asiulize, na aliyekuwa macho asiseme aliisikia kwa nani.

Na mkubwa akiwauliza, mwambieni funzo lake ni hili: raia mwema hutii amri ya mkubwa neno kwa neno, wala hasikilizi visingizio.