Nguchiro na Mkeka wa Mabingwa

Hapo zamani za kale, tena kale kweli, msianze kuniuliza mwaka, wanyama walikuwa na nyumba, na vyungu, na majirani wa kuwasengenya kama sisi. Sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kutafuna.

Kulikuwa na mzee mmoja, Nguchiro, kinyama kidogo chenye mkia mrefu. Ujanani alikuwa bingwa wa ngumi. Alimshinda Nyati. Alimshinda Kiboko. Mnacheka? Aliwashinda kwa kukwepa! Nyati anarusha ngumi, vuuu! Nguchiro hayupo. Anarusha nyingine, vuuu! Hayupo. Mwisho Nyati akapepesuka kwa uchovu, akaanguka puu!

Sasa mzee magoti yanamlia. Fahari yake iliyobaki ilikuwa moja tu. Kila sherehe ya mavuno palitandikwa mkeka wa mabingwa, naye alikaa pale pembeni, mguu mmoja nje ya mkeka. Na mwaka huo Nyati na Kiboko walitaka aondolewe, ili nafasi yake waichukue wao.

"Wakinitoa, mama watoto," alimwambia mkewe, "nitakuwa nimeishi bure."

Mkewe, Bi Sikitu, moyo ulimuuma. Alichukua birika lake la kahawa, huyoo, mpaka barazani kwa Mzee Twiga, msimamizi wa sherehe. Akakuta mabishano yamepamba moto.

"Nguchiro bingwa? Bingwa wa nini!" Nyati alifoka. "Alinipiga lini yule? Mimi niliteleza!"

"Na mimi siku ile nilikuwa na homa," Kiboko akadakia. "Homa na tumbo. Yeye alikuwa anarukaruka tu."

"Lakini mlianguka," Twiga alisema.

"Kuanguka si kupigwa!" Nyati alisema.

Bi Sikitu akamimina kahawa polepole. Kwa kweli alitamani kuwarushia birika zima. Badala yake akatabasamu.

"Wazee wangu, mmesema kweli. Mume wangu ngumi hajui."

Twiga alishusha shingo.

"Umesemaje, shemeji?" Nyati aliuliza.

"Ni dhaifu tu yule, nani asiyejua? Mzee Twiga, mtoe, yaishe. Ila nina swali dogo. Hawa wazee wangu wawili, wao watakaa wapi?"

Hapo sikilizeni vizuri. Desturi ya kijiji kile ilikuwa hivi: ukishindwa na bingwa, unakaa mkeka wa pili, na chungu cha togwa kikitoka kwa mabingwa kinakuja kwako. Ukishindwa na mtu wa hivi hivi tu, unakaa nyuma kabisa, pamoja na vifaranga.

Twiga alifikiri kidogo. "Basi, kama Nguchiro si bingwa, hawa walishindwa na mtu wa hivi hivi tu. Nyuma kabisa."

"Ati nini?" Kiboko alipaliwa na kahawa. Kho! Kho! "Na vifaranga?"

"Desturi ni desturi," Bi Sikitu alisema kwa upole. "Niwaongezee kahawa?"

Nyati alijikuna pembe. Akakohoa. "Unajua, Mzee Twiga, nikikumbuka vizuri... mimi sikuteleza."

"Eh?"

"Nilipigwa! Ngumi ya Nguchiro ilikuwa radi!"

Kiboko hakukubali kupitwa. "Na homa nani alikuwa nayo? Nilikuwa buheri wa afya! Tazama pengo hili. Jino langu aliling'oa yeye!"

"Mimi nilizimia!"

"Mimi nilimwona bibi yangu aliyekufa!"

Bi Sikitu aliinama, akajifanya anatafuta kikombe, maana kicheko kilikuwa kinamtoka puani.

Siku ya sherehe ikafika. Ngoma zikalia, na Nyati na Kiboko wakayarudia yale yale mbele ya kijiji kizima, radi, jino na bibi. Watu wakashangilia. Bi Sikitu akamtazama mumewe. Mzee hakuwa anacheka. Alisimama taratibu, magoti yakilia.

"Kiboko, ndugu yangu," alisema, "jino lako lilivunjwa na muwa. Nilikuwepo."

Watu wakaangua kicheko. Kiboko akafunga mdomo. Bi Sikitu, huko alikosimama, alishika kichwa, akiwaza: Jamani mzee huyu, kila kitu nimekitengeneza, anakibomoa mwenyewe!

"Ngumi nzito sikuwa nayo," Nguchiro aliendelea. "Msinipe sifa isiyo yangu, hiyo nayo ni kunifuta. Nyati, ulikuwa mbele yangu siku ile. Sema ulichokiona."

Nyati akatazama kwato zake. Ngoma zilikuwa zimenyamaza.

"Nilirusha ngumi toka asubuhi," alisema, na safari hii hakufoka. "Sikukugusa hata unywele. Wewe ulikuwa unanitazama tu machoni, unajua ninachotaka kufanya kabla yangu. Niliporudi nyumbani nililia. Ndiyo maana nikasema niliteleza."

Twiga aliuinua mguu wa Nguchiro uliokuwa nje, akauweka ndani ya mkeka, kisha akamsogeza mzee mpaka katikati. Nyati akaenda kukaa nyuma yake, mkeka wa pili, wala hakuona aibu.

Bi Sikitu alijipangusa macho kwa ncha ya kanga, akaenda kumimina kahawa, na kikombe cha kwanza akampa Nyati.

Basi wajukuu zangu, ukimdunisha aliyekushinda, umejidunisha mwenyewe.